Paka wa Mwanza asiyepatana na samaki

Ukitaka kujua paka wa Kirumba alikula nini jana usiku, tazama mwezi. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa, na taa haina kazi mbalamwezi ikiwa imetanda juu ya maji. Siku za giza mitumbwi hutoka jioni na taa zake, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Asubuhi dagaa humwagwa mchangani na kwenye chanja wakauke, na paka wa mwaloni hushiba hata wasimjali anayewapita. Mwezi ukikaribia kukamilika, wavuvi wengi wa dagaa hupumzika na bei hupanda. Paka nao huhamia kwenye vichwa vya sato, matumbo ya sangara, ugali uliolowa mchuzi, au panya wa ghalani. Giza likirudi, dagaa nao hurudi.

Paka mwenye afya huyavumilia mageuzi hayo bila taabu. Yuko mwingine, hata hivyo, ambaye tumbo lake limegoma: anatapika leo, kesho anaharisha, keshokutwa anaonekana amepona, wiki ijayo anaanza upya. Huyo anachohitaji kwanza ni kula chakula kilekile, asubuhi na jioni, wiki hadi wiki. Katika mji unaolisha paka kwa kufuata mwezi, soko na mabaki ya sahani, hilo ndilo gumu kuliko kupata dawa.

Jirani yangu, mama anayeuza dagaa kwa jumla katika soko la Mwaloni, hapo Kirumba, anaye paka wa namna hiyo. Ni dume la kijivu, jina lake Bosi, na alipata kazi kabla ya kupata jina: aliletwa kulinda stoo, kwa kuwa panya mmoja akitoboa gunia la dagaa hasara yake haiishii kwenye gunia hilo. Kwa miaka kadhaa kazi aliifanya vizuri. Kisha alianza kutapika alfajiri, choo kikawa laini na kingi, na taratibu uti wa mgongo ukaanza kuhesabika chini ya manyoya. Hamu ya kula haikupungua, na ndiyo maana ilichukua muda watu kuamini kwamba anaumwa. Wapagazi walisema minyoo. Mwenye stoo ya pili alisema amelishwa sumu. Mzee mmoja alisema paka hutapika, ndivyo walivyoumbwa, na akaendelea na kahawa yake.

Kauli ya mzee huyo ndiyo inayochelewesha paka wengi kutibiwa, kwa sababu nusu yake ni kweli. Paka hujilamba, humeza manyoya, na mara mojamoja huyatapika yakiwa yameshikamana kama kidole cha sufi. Hilo halina neno. Lakini paka anayetapika kila wiki ni mgonjwa, hata kama ndani ya matapishi mna manyoya. Madaktari wa wanyama huhesabu wiki 3: tumbo likisumbua zaidi ya hapo, hata kwa kuja na kuondoka, linaitwa tatizo sugu na linastahili kuchunguzwa hivyo.

Mwenye paka ana kazi kubwa hapa, maana daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache tu. Tazama choo, bila haya. Kikiwa kingi, laini, mara mbili au tatu kwa siku, na paka anakonda, lawama huelekea kwenye utumbo mwembamba. Kikiwa kidogo kidogo, mara nyingi, chenye ute au damu mbichi, na paka anajikamua, tatizo laweza kuwa kwenye utumbo mpana. Na mpime. Mwaloni hakukosi mizani, lakini hata ya nyumbani inatosha: jipime umembeba, jipime peke yako, toa. Paka wa kilo 4 aliyepoteza gramu 400 amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake, sawa na mtu wa kilo 60 kubaki na 54. Macho ya mtu anayemwona kila siku hayaoni upungufu huo. Jirani yangu alianza kuyaandika mambo ya Bosi nyuma ya daftari lake la madeni, na daktari aliyempokea alisoma kurasa hizo kabla hajamgusa paka.

Kumpata daktari huyo kulihitaji subira. Kanda ya Ziwa ni nchi ya ng'ombe, na elimu ya mifugo hapa imelalia huko, na kwa kuku. Kwenye maduka ya dawa za mifugo utakuta dawa ya josho, chanjo ya kideri na dawa ya minyoo ya mbuzi, na muuzaji aliye tayari kukata kidonge vipande kwa kukisia. Paka, kwa wengi, hukutana na mtaalamu siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa tu, kama anakutana naye. Hata hivyo maabara haziko mbali. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2012, una kituo chake hapahapa Mwanza, na kipimo cha choo si kitu cha ajabu kwa fundi maabara yeyote wa mifugo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inamwekea anayefuga mnyama wajibu wa kumtunza. Yeyote anayeulizwa kwa kejeli, “Paka naye ana daktari?” ajibu ndiyo bila kuona aibu.

Choo ndicho cha kwanza kupimwa kwa sababu wapagazi hawakusema upuuzi. Minyoo ya paka ni mingi, na mmojawapo, tegu anayeletwa na viroboto, hujitangaza kwa vipande vyeupe kama punje za mchele chini ya mkia. Dawa ya minyoo ya mviringo haimgusi tegu, kwa hiyo “nilimpa dawa ya minyoo” si jibu mpaka ujulikane ni dawa gani na mnyoo gani. Viko pia vijidudu visivyoonekana kwa macho, kama giadia, vinavyoharisha paka vijana hasa. Baada ya hapo orodha inarefuka. Chakula kinaweza kuwa adui. Kuta za utumbo zinaweza kuwa zimevimba kwa sababu kinga ya mwili inaupiga utumbo wenyewe. Kwa paka mzee inaweza kuwa saratani ya limfu inayokua polepole na kufanana na uvimbe huo kiasi kwamba vipande vya utumbo visipochunguzwa kwa darubini ni vigumu kuvitofautisha. Tena chanzo kinaweza kuwa nje ya utumbo kabisa: figo, ini, kongosho, au tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi na kumfanya paka mzee ale sana huku akikonda.

Pwani ya ziwa ina hatari zake pia. Sangara huvuliwa kwa ndoano na kwa nyavu, na vipande vya uzi wa nailoni huzagaa mchangani vikinuka samaki. Paka akiumeza, upande mmoja hunasa chini ya ulimi au tumboni na upande mwingine husukumwa mbele na utumbo, mpaka utumbo unajikunja juu ya uzi na kukatwa nao. Ukiuona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute hata kama umesogea kidogo. Mpeleke kwa daktari kama alivyo. Miiba na mapanki yaliyokaangwa nayo hukwama na kutoboa. Samaki wabichi wana jambo jingine: baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka anayelishwa hao tu kwa muda mrefu huishia kuyumba, kuinamisha shingo na kupata degedege. Kupika hukiua kimeng'enya hicho.

Sisemi dagaa ni sumu. Wameilea Kanda hii, watu na paka. Ila wako dagaa wa mboga na wako dagaa wa kuku, na kila mfanyabiashara wa Mwaloni anaijua tofauti. Dagaa wa kuku ni wale walionyeshewa kabla ya kukauka, wenye mchanga, walioanza kuvunda, na ndio ambao watu humnunulia paka kwa sado kwa kuwa ni rahisi. Kwa tumbo lililokwisha kuharibika, hapo pa kuanzia panatosha: acha hao kwanza.

Kwa Bosi haikutosha. Choo chake hakikuonyesha minyoo, na daktari akapendekeza kitu ambacho jirani yangu alikisikiliza kama mtu anayetaniwa: asimpe samaki kabisa. Nyama ya ng'ombe, samaki na kuku ndivyo vyakula vinavyotajwa zaidi paka wanapokataliwa na chakula, na hakuna ajabu, maana mwili huzoea kugombana na kile unachokutana nacho kila siku. Paka wa Mwanza hukutana na samaki tangu anyonye. Dawa yenyewe ni jaribio: mnyama apewe aina moja ya nyama ambayo hajawahi kuila, hiyo tu, kwa wiki kadhaa, na choo kitazamwe. Nchi nyingine watu hununua chakula maalumu cha kopo au mfuko, chenye protini iliyovunjwavunjwa mpaka kinga ya mwili haiitambui. Hapa chakula hicho huagizwa kwa shida na kwa bei ambayo mtu hawezi kuitaja mbele ya watoto wake bila kujieleza. Palibaki sungura, bata na mbuzi. Sungura ana wafugaji wachache, bata hapatikani kila siku. Akachaguliwa mbuzi.

Kilo 4 za paka zinataka karibu robo kilo ya nyama mbichi isiyo na mafuta mengi kwa siku. Piga hesabu mwenyewe kwa bei ya bucha ya mtaani kwako na utaelewa kwa nini mume wa jirani yangu alinyamaza kwa siku nzima. Nyama huchemshwa bila chumvi, na bila kitunguu cha aina yoyote, maana kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Hukatwa ndogondogo, hugawanywa mara nne, na mchuzi wake haumwagwi. Sababu ya mchuzi ina historia. Mwaka 1975 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba paka akikosa taurini katika chakula macho yake hufa, na mwaka 1987 ikajulikana kwamba moyo nao hudhoofika. Taurini iko kwenye nyama, hasa moyo, na huyeyukia kwenye maji ya kuchemshia. Mwili wa paka hauwezi kuitengeneza ya kutosha. Wahenga wetu waliosema paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya, hawakuwa na maabara, lakini ugali na uji tunaompa paka mgonjwa “alainishe tumbo” wangeucheka.

Nyama tupu nayo haifai milele, kwa kuwa haina kalsiamu ya kutosha. Kwa wiki za jaribio si kitu. Jaribio likigeuka kuwa maisha, daktari ndiye wa kupanga nyongeza, ikiwamo unga wa maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa. Na mabadiliko ya chakula hufanywa taratibu, kipya kikichanganywa na cha zamani na kuongezwa siku hadi siku. Asilazwe njaa ili “akubali”. Mbwa anaweza kupumzishwa tumbo. Paka asiyekula kwa siku mbili tatu, hasa aliyekuwa mnene, mafuta humiminikia kwenye ini lake na kulizima. Paka anayetapika na amekataa chakula ni wa kukimbizwa kwa daktari, hata kama alikuwa mgonjwa wa siku zote.

Ndipo ukaja ugumu ambao hakuna kitabu kinachouandika. Mlinzi wa stoo ya dagaa hawezi kuishi katika stoo ya dagaa. Bosi alistaafishwa, akaletwa nyumbani, na stoo ikapewa paka jike mchanga ambaye mpaka leo anafanya kazi bila malalamiko. Nyumbani nako kuna wajukuu watatu, dada wa kazi, na wageni wa Jumapili. Kila mmoja ana kipande cha samaki na moyo wa huruma. Kipande kimoja kinaweza kuvuruga wiki mbili za kazi, na mgeni haamini, kwa sababu kwake huo ni upendo tu. Bosi mwenyewe alikuwa msaliti mkubwa kuliko wote. Ukuta wa jirani hakuuona kuwa ukuta. Ilibidi afungiwe, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akawekewa beseni la maranda ya mbao kutoka kwa fundi seremala. Maranda hayo hutolewa uchafu kila siku, na kwa nyumba yenye mjamzito hilo lina sababu zaidi ya harufu: kimelea cha toksoplazma kikitoka kwenye choo cha paka huhitaji siku moja au zaidi kabla hakijaweza kuambukiza. Kazi hiyo afanye mtu mwingine asiye mjamzito, na aifanye leo, asiiache hadi kesho.

Matokeo ya chakula, yakiwapo, huwa hayachelewi. Ndani ya wiki mbili choo cha Bosi kilianza kushikana na kutapika kukapungua. Hakupona kabisa. Uzito ulipanda kidogo ukasimama, na daktari akaongeza vitu viwili. Cha kwanza ni sindano za vitamini B12, ambayo hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba. Utumbo ukiwa umeharibika, vitamini haiingii hata kama imejaa kwenye sahani, na paka hubaki dhaifu, hana hamu, huku kila mtu akilaumu chakula. Cha pili ni prednisoloni ya kutuliza uvimbe, kwa dozi inayopunguzwa polepole. Kuikatisha ghafla kuna hatari, na kuitumia muda mrefu kunaweza kuleta kisukari, kwa hiyo si dawa ya kununua dirishani na kujipangia.

Kununua dirishani ndiko kunakonitisha. Metronidazoli, ambayo mtaani ni Flagyl tu, hupewa paka anayeharisha kama ilivyo kwa binadamu. Ni chungu kiasi kwamba paka hutoa povu mdomoni na nyumba nzima hudhani ana kichaa, na kuirudia ovyo huvuruga bakteria wema walioko tumboni. Hiyo ni taabu inayovumilika. Parasetamoli haivumiliki. Ini la paka haliwezi kuisafisha. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua, fizi zikigeuka rangi ya udongo na uso ukivimba. Nimesikia ikitolewa “kupunguza maumivu ya tumbo”, na aliyeitoa alikuwa anampenda paka wake.

Kumpa kidonge halali nako ni kazi ya ufundi. Jirani yangu humfunga Bosi kwa kipande cha kanga, kichwa nje, anakiinua kidogo, kidonge kinaingia nyuma ya ulimi, na mara moja maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa sababu kidonge kikavu kinaweza kukwama kooni na kulichoma. Mjukuu wa katikati ndiye msaidizi wake. Ameanza kusema akikua atakuwa daktari wa wanyama, na bibi yake anamwambia asome hesabu kwanza.

Wapo wanaouliza kama haya yote yana maana, na swali lao si la kikatili. Fedha ya mbuzi wa Bosi inanunua madaftari. Jibu langu ni kwamba kila nyumba ina kikomo chake na ni haki yao kukijua mapema. Anayeweza chakula tu, aanzie hapo, maana kwa paka wengi chakula peke yake kinatosha. Anayeweza kipimo cha choo, akipime kabla ya kununua dawa yoyote. Na ikiwa paka amekonda mpaka hasimami, haachi kutapika, na hakuna kilichosaidia, kumwomba daktari ampumzishe bila maumivu ni sehemu ya matunzo. Kumtelekeza mwaloni “ajitafutie”, desturi ninayoiona zaidi kuliko ningependa, sivyo.

Bosi hajafika huko. Ana kilo 3 na gramu 900, hutapika mara chache kwa mwezi, na uvundo wa choo umeacha kuwa habari ya mtaa. Kazi iliyobaki ni ya kila siku, na hufanyika bucha kuliko popote. Juzi nilikuwa nyuma ya jirani yangu kwenye foleni pale Pasiansi.

“Shikamoo mama. Mbuzi leo hakuna, wameisha tangu asubuhi.”

“Marahaba. Hata moyo?”

“Hata moyo. Chukua maini ya ng'ombe, nitakupunguzia. Paka anapenda maini.”

“Anapenda, ndiyo. Na usiku nani atafua mikeka?”

Kijana alicheka, akamwita mwenzake wa bucha ya ng'ambo kwa simu. Robo kilo ilipatikana, ya bega, na mfupa wake. Mama akasema mfupa autoe kabla ya kupima.